Kadi ya ofisi na tapioka ya reali nane

Mwanzoni mwa mwaka 2008 Brazil nzima ilikuwa inazungumzia tapioka. Orlando Silva, waziri wa michezo wa wakati huo, alikuwa ameilipia chapati hiyo ya wanga wa muhogo kwa kadi ya serikali. Bei yake ilikuwa reali 8.30, na raia yeyote mwenye intaneti aliweza kuyaona malipo hayo kwenye tovuti ya uwazi ambayo serikali iliizindua mwaka 2004. Waziri alirudisha zaidi ya reali 30,000 alizokuwa ametumia kwa kadi hiyo. Mwenzake, Matilde Ribeiro wa usawa wa rangi, hakupona: alijiuzulu tarehe 1 Februari, na miongoni mwa mambo yaliyomwangusha ni manunuzi ya reali mia nne na ushee katika duka la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru.

Magazeti yalishiba, na wachora vibonzo wakapata kazi. Lakini katika kelele zile kulikuwa na jambo zito kuliko tapioka. Sehemu kubwa ya fedha zilizotumika kupitia kadi hizo mwaka 2007 haikulipwa dukani wala hotelini. Ilitolewa taslimu kwenye mashine za benki. Aliyenunua tapioka kwa kadi aliacha jina la duka, tarehe na bei, akachekwa na taifa zima. Aliyechomoa noti aliacha kiasi na tarehe tu. Noti zile zililipa nini, kwa nani, kwa bei gani, mtandao haukuweza kusema. Serikali ilipotoa amri yake mwezi huohuo, kitu kikubwa ilichokigusa ni kubana utoaji wa fedha taslimu, na hapo ililenga penyewe.

Ninaanza na Brazil kwa sababu kadi za kazini zinaingia kwenye ofisi zetu kwa kasi: za benki, za malipo ya awali, za mafuta. Zinaingia na mwongozo wa kurasa kadhaa ambao mara nyingi umechukuliwa kutoka makao makuu ya ng'ambo na kubadilishwa nembo. Ukiusoma utakuta orodha ndefu ya makatazo: usinunue pombe, usicheze kamari, usilipe faini za barabarani, usinunue zawadi. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila haifanyi kazi kubwa kama waandishi wake wanavyodhani. Mfanyakazi anayelipia bia kwa kadi ya mwajiri hakosi kujua kwamba bia si vifaa vya ofisi.

Wamarekani walijionea. Mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi alichapisha ripoti ya matumizi ya kadi za safari kati ya Julai 2013 na Juni 2014. Alikuta miamala zaidi ya 4,000 ya dola zaidi ya 950,000 kwenye kasino iliyoonekana kuwa ya binafsi, na mingine kama 900 ya karibu dola 97,000 kwenye kumbi za burudani za watu wazima. Makatazo yalikuwepo. Hata mfumo wa benki wenyewe una kizuizi, kwa kuwa kila biashara inayopokea kadi hupewa namba ya tarakimu nne inayoonyesha inauza nini, na mwajiri anaweza kuiamuru benki ikatae namba fulani. Lakini kasino iliyo ndani ya hoteli inaweza kuonekana kwenye mfumo kama hoteli. Kilichowaumbua watu wale ni mkaguzi aliyekaa chini na kusoma kumbukumbu za miamala, mstari kwa mstari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: faida pekee ya kweli ya kadi juu ya bahasha ya noti ni kwamba kadi inaonekana. Kanuni inayolinda kule kuonekana ni nzuri, na inayopunguza kuonekana huko ni mbaya hata ikiwa na lugha kali namna gani. Tuzipime kanuni zetu kwa kipimo hicho.

Tuanze na mashine ya kutolea fedha. Kadi ya ofisi inayoruhusiwa kutoa taslimu bila mipaka ni masurufu ya plastiki, na masurufu, yaani fedha ya kazi anayopewa mtu mkononi ili aitolee hesabu baadaye, tunayajua. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nchini Tanzania zimerudia kutaja masurufu yasiyorejeshwa hadi maneno yenyewe yamekuwa ya kawaida masikioni. Kenya waliandika sheria kali kwenye kanuni za fedha za umma za mwaka 2015: aliyechukua masurufu ya safari ayatolee hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, akishindwa akatwe mshahara pamoja na riba ya kiwango cha Benki Kuu. Kwenye karatasi hapo hapana upenyo. Ila kutoa hesabu ya fedha taslimu ni kuleta risiti, na risiti tupu inapatikana kwenye kibanda chochote kwa bei ya soda.

Najua jibu la watu wa nyanjani: huko Kibondo au Lodwar mwenye bodaboda hana mashine ya kadi, na mama lishe hatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kweli kabisa. Taslimu itahitajika, ila iwe na dari, iwe ya matumizi yaliyotajwa, na anayeitoa aandike siku hiyohiyo ilikwenda wapi. Isitoshe, malipo ya simu yamebadilisha hoja hii. Lipa namba ya muuza vocha wa kijijini inaacha jina la mpokeaji, saa na kiasi, tena bila kupanga foleni. Ofisi inayokataa ujumbe wa malipo ya simu kama kielelezo na kudai kipande cha karatasi chenye muhuri imechagua ushahidi dhaifu na kuacha wenye nguvu. Tena inawafundisha wafanyakazi wake kutengeneza mihuri.

Pili, risiti yenyewe. Watu wengi wanaamini karatasi inayotoka kwenye mashine ya kadi ni risiti, kumbe inathibitisha tu kwamba fedha zimehama. Haisemi zimenunua nini. Chukua bili ya hoteli ya Dodoma au Kisumu ya usiku mbili. Ukiipata ile ndefu utaona mistari: chumba, chumba, chakula cha jioni, maji makubwa mawili, kufua mashati manne, chakula cha jioni tena, na huyu mgeni wa pili alikula nini hapa? Ukiipata ile fupi utaona jumla moja iliyoandikwa "malazi". Mhasibu aliyezoea kubandika ile fupi na kupiga muhuri hatakaa aone kwamba ofisi imelipia chakula cha jioni kwa kadi wakati mtu huyohuyo alishapokea posho ya kujikimu ambayo ndani yake mna chakula hichohicho.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, kuliko kwenye mambo ya aibu. Mifumo yetu imejengwa juu ya posho ya kiwango maalumu: unapewa kiasi cha siku, ukila ubwabwa wa elfu tatu au samaki wa elfu thelathini ni shauri lako. Kadi imejengwa juu ya gharama halisi. Mwajiri anayeziweka zote mbili bila kusema ipi inalipa nini amemwekea mtu mlango wa mbele na wa nyuma, halafu anashangaa kuona vyote viwili vinatumika. Sentensi moja ingetosha: ukiwa na kadi, malazi na usafiri vinalipwa kwa kadi, chakula ni posho, na kila mlo ulioingia kwenye bili ya hoteli unakatwa kwenye posho ya siku hiyo. Sioni kwa nini sentensi hiyo ni adimu hivyo.

Kadi ya mafuta ni somo lake lenyewe, maana ndiyo kadi ya kazini ambayo madereva wetu wameishika muda mrefu kuliko maofisa wengi walivyoshika za benki. Taarifa ya mwisho wa mwezi inakuja na tarehe, kituo, lita na kiasi. Wengi wanaangalia kiasi tu, wakati mambo yote yako kwenye lita. Hilux yenye tangi la lita 80 ikionekana imejazwa lita 95 kwa mkupuo, huhitaji mpelelezi. Gari likijazwa Morogoro asubuhi na likajazwa tena Chalinze kabla ya saa sita mchana, uliza. Omba namba ya kilomita iandikwe kila linapojazwa, kisha ugawanye. Gari lililokuwa linakwenda kilomita tisa kwa lita haliwezi ghafla kuanza kwenda tano bila kuwa na ugonjwa au dumu pembeni. Hesabu hii ni ya darasa la sita. Haifanywi kwa sababu mwenye jukumu la kuifanya anaipokea taarifa baada ya wiki sita, ikiwa imeshafungwa kwenye faili.

Kuhusu kugawa manunuzi vipandevipande ili kila kipande kipite chini ya kikomo cha kadi, sitakaa sana. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 inakataza kwa kifungu cha 54, na waajiri binafsi wanakataza pia. Malipo matatu kwa duka moja katika saa mbili yanajitangaza yenyewe, mradi kuwe na mtu anayetazama.

Sasa lile gumu: "nitalipa baadaye". Mwaka 1995 Mona Sahlin alikuwa naibu waziri mkuu wa Uswidi na ndiye aliyetarajiwa kumrithi waziri mkuu Ingvar Carlsson. Ikaandikwa gazetini kwamba alikuwa ametumia kadi ya serikali kwa mambo yake binafsi, zikiwemo chokoleti za Toblerone, nguo, kukodi magari na fedha taslimu. Jumla ilizidi krona 50,000. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliyachukulia matumizi yale kama mshahara wa mapema, na kwamba alikuwa anarudisha. Kurudisha alirudisha, na mwendesha mashtaka aliufunga uchunguzi bila kumshtaki. Hata hivyo Novemba mwaka huo alijitoa kwenye kinyang'anyiro cha uongozi wa chama, na Göran Persson ndiye aliyekuwa waziri mkuu mwaka uliofuata. Sahlin alikuja kukiongoza chama hicho mwaka 2007, miaka kumi na miwili baadaye.

Kuna wanaosema alionewa, kwa kuwa hakuna senti iliyopotea. Mimi sikubaliani nao, ingawa adhabu ilikuwa kubwa kuliko chokoleti. Mtu anayetumia kadi ya ofisi kwa mahitaji yake na kurudisha fedha baadaye amejipa mkopo. Amejiamulia kiasi, muda na riba, ambayo ni sifuri, na aliyekopesha hakuulizwa. Tena ameivuruga ile taarifa ya mwezi. Ukishaanza kuwa na miamala ya binafsi ndani ya miamala ya kazi, msomaji analazimika kumwuliza mwenye kadi kila mstari ni wa upande gani, na mwenye kadi ndiye anayejibu. Kwa hiyo katazo la kuchanganya linapaswa kuwa kavu, bila "isipokuwa kwa dharura" wala "mradi alipe ndani ya mwezi". Mtu akikosea kadi kaunta, na hilo hutokea kweli, aandike siku hiyohiyo kabla hajaulizwa na arudishe fedha mara moja. Aliyejisema asiadhibiwe. Ukimwadhibu, wa pili hatasema.

Haya yote yanamgusa mfanyakazi wa kawaida. Bosi je? Katika mashirika mengi kadi yenye kikomo kikubwa kuliko zote iko mfukoni mwa mkurugenzi, na anayekagua matumizi yake ni mhasibu ambaye mkataba wake unasainiwa na mkurugenzi huyohuyo. Sijui nani alidhani mpango huo utafanya kazi. Nimeona mhasibu mwenye umri wa kuitwa mzee akimwomba risiti ya mgahawa bosi aliye na umri wa mwanawe, akianza na "samahani sana mheshimiwa", na akajibiwa kwamba ajaze tu fomu ya risiti iliyopotea. Fomu ile ilikuwa imeshajazwa nusu. Ilikuwa inatolewa nakala kwa bunda.

Kadiri kadi inavyopanda ngazi ndivyo giza linavyozidi, na Brazil wanaonyesha hilo vilevile. Tovuti iliyomwonyesha waziri na tapioka yake haikuonyesha kila kitu cha ikulu. Matumizi mengi ya rais yalifichwa kwa sababu za usalama. Hesabu za kadi za miaka minne ya Jair Bolsonaro zilitoka hadharani Januari 2023, yeye akiwa ameshaondoka madarakani, na zilionyesha zaidi ya reali milioni 27. Usalama wa rais ni jambo la kweli, ila bili ya mkate haina siri ya kijeshi. Kwa shirika la kawaida dawa ni nyepesi zaidi: kadi ya mkurugenzi isomwe na mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi, na mhasibu awe mtoa nakala tu. Fomu ya risiti iliyopotea iwe na ukomo kwa mwaka kwa kila mtu, bosi akiwemo.

Wapo wanaochoka na haya yote na kufunga duka. Oktoba 2013 Pravin Gordhan, waziri wa fedha wa Afrika Kusini, alitangaza kwamba kadi za mikopo za serikali zinaondolewa kama sehemu ya kubana matumizi. Februari 2025 utawala wa Trump uligandisha kadi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani kwa siku 30, na nyingi zikashushwa kikomo hadi dola 1. Kule Marekani malalamiko yaliyofuata yalitoka kwa watu waliokuwa na kazi za kufanya: watafiti waliokosa vifaa vya maabara, watumishi walioshindwa kusafiri. Hatua kama hizi zinapendeza kwenye vichwa vya habari. Lakini mahitaji hayafi kwa sababu kadi imekufa. Yanahamia mahali pengine, na kwetu yanahamia kwenye mfuko wa mfanyakazi.

Na hili ndilo linalonikera kuliko tapioka zote. Ofisi ngapi zinamwambia ofisa, "Lipia kwanza, utarudishiwa"? Kijana wa mwaka wa kwanza kazini anakodi gari, analipa hoteli na ukumbi kwa M-Pesa yake, anaweka risiti mezani Jumatatu, na fedha zinarudi baada ya miezi miwili, zikiwa zimepungua kwa sababu risiti moja ilifutika kwa jua. Katika miezi hiyo miwili amemkopesha mwajiri bila riba, huku yeye mwenyewe akikopa kwenye simu kwa riba. Tumemlaumu Mona Sahlin kwa kujikopesha kwenye hazina. Mwajiri anayejikopesha mfukoni kwa karani wake tunamwita nani?

Hata kadi haimkingi mtu na hili ikiwa imepangwa vibaya. Zile kadi za safari za Wamarekani nyingi ni deni la mfanyakazi mwenyewe: bili inakuja kwa jina lake, serikali inamrudishia baada ya kutoa hesabu, na ofisi ikichelewa kurudisha ni yeye anayedaiwa na benki. Ndiyo maana hata zile dola za kasino haziwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa fedha za umma zilizoibwa. Mpango huo una mantiki yake, kwa kuwa mtu hutunza anachodaiwa. Ila unahitaji mwajiri anayelipa kwa wakati. Kwa waajiri wetu, ambao hata mshahara hutegemea mfadhili amefungua barua pepe lini, ni heri deni likae kwa kampuni.

Kabla ya kusaini fomu ya kupokea kadi, usome kifungu cha makato. Fomu nyingi zinasema mwajiri anaweza kukata "kiasi chochote" kwenye mshahara ikiwa muamala hauna maelezo. Sheria haisemi hivyo. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri anayekata kwa ajili ya hasara aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokipata, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja aina za makato yanayoruhusiwa na kuweka dari la theluthi mbili ya mshahara kwa jumla. Robo na theluthi mbili ni mbalimbali, na shirika lenye ofisi Arusha na Nairobi likitumia fomu moja kwa zote mbili litakuja kujikuta mbele ya wasuluhishi. Fomu iandikwe na mtu aliyesoma vifungu hivyo, na ndani yake kuwe pia na tarehe ya mwisho ya mwajiri: risiti zikikabidhiwa zikiwa kamili, mfanyakazi alipwe ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwa namba, na zikipita, riba ileile anayotozwa aliyechelewesha masurufu ilipwe na ofisi.